Muulize Shangazi wa Seva: Diski moja, majina manne

*Shikamoo Shangazi. Niliomba diski moja ya TB 2 kwa wenzetu wa storeji, wakanijibu iko tayari. Kuingia kwenye seva nakuta nne: sdb, sdc, sdd na sde, kila moja TB 2. Sikuuliza, nikanyamaza nisije nikanyang'anywa. Nataka niziunganishe kwa LVM (programu ya Linux ya kuunganisha na kugawa diski) nipate TB 8. Ya kwanza imekubali kufanywa PV, yaani diski ya LVM, kwa pvcreate, lakini tangu hapo LVM inalalamika kwamba inaiona PV ileile zaidi ya mara moja. Tatizo ni nini? – Mwenye Bahati*

Marahaba mwanangu. Tatizo ni kwamba bahati yenyewe haipo. Una diski moja ya TB 2, na hayo malalamiko ya LVM yamekuokoa.

Kadi ya faiba kwenye seva yako bila shaka ina poti mbili, na storeji ina vidhibiti viwili. Kila poti inavifikia vidhibiti vyote viwili, kwa hiyo njia ni nne. Sasa kaa ukijua: kwa upande wa SCSI, lugha ambayo seva huzungumza na diski hizi, kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux haihesabu diski, inahesabu njia. Kila inapofika mwisho wa njia na kukuta LUN, yaani diski ambayo storeji imeigawia seva, inaunda kifaa na kukipa herufi inayofuata. Zikiisha baada ya sdz, inaanza sdaa. Haijakosea kitu. Draiva ya sd haina kazi ya kuuliza kama diski hii imeshaonekana kwa njia nyingine.

Usiniamini kwa maneno matupu. Andika `lsblk -o NAME,HCTL,SIZE,WWN` na utaona kitu kama hiki (namba ya WWN, yaani kitambulisho cha pekee cha diski, nimeitunga mwenyewe):

```
sdb  1:0:0:1  2T  0x60014053c1d2e4f80a94b7cd56e21f03
sdc  1:0:1:1  2T  0x60014053c1d2e4f80a94b7cd56e21f03
sdd  2:0:0:1  2T  0x60014053c1d2e4f80a94b7cd56e21f03
sde  2:0:1:1  2T  0x60014053c1d2e4f80a94b7cd56e21f03
```

Safu ya pili ni anwani: poti ya seva, chaneli, shabaha ya upande wa storeji, kisha LUN. Angalia namba ya kwanza na ya tatu zinavyopishana. Hizo ndizo njia zako nne. Safu ya mwisho haibadiliki hata tarakimu moja, na wala haikutungwa na kerneli: diski yenyewe ndiyo iliyoitaja ilipoulizwa ukurasa wa 0x83, ule ambao kifaa cha SCSI hutumia kujitambulisha. Ni kama mtu mwenye laini nne za simu. Ukimhifadhi kwa majina manne kisha ukawakopesha "wote wanne", anayedaiwa ni mmoja.

Na ungeweza kuumia zaidi ya hapo. Tuseme ungeifomati sdb kwa ext4 ukaimaunti, kisha mwenzako asiyejua akaimaunti sdc mahali pengine. Kerneli huweka kumbukumbu ya muda ya kila kifaa peke yake, kwa hiyo sdb na sdc zingekuwa na picha mbili tofauti za sekta zilezile, na kila moja ingeandika juu ya kazi ya mwenzake. Mfumo wa faili hauponi hapo, na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona mapema.

La kufanya: maadamu PV hiyo bado haina kitu, ifute kwa pvremove. Sakinisha zana za multipath, zinazounganisha njia nyingi za diski moja kuwa kifaa kimoja, washa huduma yake multipathd, kisha andika `multipath -ll`. Utaonyeshwa kifaa kimoja juu na njia nne chini yake. Kuanzia hapo zile sd nne zisahau. Unachokifomati, unachokimaunti na unachokipa LVM ni hicho cha juu kilicho ndani ya /dev/mapper. Ukitaka TB 8, ziombe kama wenzako.

*Shangazi, nina klasta ya seva mbili zinazoona diski zilezile. Kwenye ya kwanza diski ya hifadhidata inaitwa mpatha, kwenye ya pili inaitwa mpathb. Nusura nifomati isiyo yake. Mmoja ameniambia niandike dm-0 kwenye fstab (orodha ya diski za kumauntiwa seva inapoamka), mwingine anasema UUID, wa tatu anasema by-id. Nimsikilize nani? – Nodi ya Pili*

Wa dm-0 usimsikilize kabisa. Hiyo ni namba ya foleni. Kifaa cha kwanza kuundwa na device mapper, sehemu ya kerneli inayounda vifaa juu ya vifaa vingine, ni dm-0, kinachofuata dm-1, iwe ni multipath, LVM au diski iliyosimbwa. Ongeza kitu kimoja leo, na kesho seva ikiamka foleni inaweza kupangwa vingine. Herufi za sd nazo ni hivyohivyo, tena zaidi siku hizi ambapo kerneli hupekua diski kadhaa kwa wakati mmoja na anayewahi ndiye anayechukua herufi.

Nikudokeze jambo. Ndani kabisa, kerneli haijali hata hayo majina. Inajua jozi ya namba, kubwa na ndogo: sda ni 8:0, sdb ni 8:16, sdc ni 8:32. Zinaruka kwa 16 kwa sababu kila diski imetengewa namba ndogo 16, moja ya diski nzima na 15 za patisheni. Andika `dmsetup table` uone njia za multipath zilivyoorodheshwa: ni 8:16, 8:32 na kuendelea, hakuna sdb wala sdc popote. Majina tunayogombania ni ya kwetu sisi na ya programu zilizo nje ya kerneli.

Hata mpatha haikutungwa na kerneli. Kipengele cha `user_friendly_names` kikiwa kimewashwa, multipathd hukipa kila kitambulisho kipya inachokutana nacho jina linalofuata, kisha hukiandika ndani ya /etc/multipath/bindings. Kila seva ina faili lake. Seva yako ya kwanza ilikutana na diski ya hifadhidata mapema, ya pili ikakutana nayo baadaye. Kisa chote ni hicho. Na kuna mtego wa pili: initramfs, ule mfumo mdogo unaotangulia seva inapoamka, hubeba nakala yake ya faili hilo. Ukirekebisha bindings bila kujenga upya initramfs, seva itaamka na majina ya zamani, nawe utaapa kwamba uliyabadilisha.

Aliyekuambia UUID hajakosea sana, ila ushauri wake unasikika vizuri kuliko ulivyo. UUID imeandikwa ndani ya mfumo wa faili, kwa hiyo inasomeka ileile kupitia sdb, kupitia sdc, na kupitia kifaa cha juu. Siku za kawaida udev, programu inayovipa vifaa majina nje ya kerneli, inajua kukipa kifaa cha juu kipaumbele. Siku multipathd imechelewa au imeshindwa kuzidai njia zake, mount itaikuta UUID kwenye sdc na itaridhika nayo. Data ipo, hifadhidata inafanya kazi, hakuna anayelalamika. Kebo ya njia hiyo ikikatika ndipo utakapogundua kwamba zile njia tatu nyingine hazikuwa zikikusaidia lolote. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya UUID nimeiona ikienda mbali kabla haijakatika.

Wa by-id, yaani viungo vilivyo ndani ya /dev/disk/by-id, yuko sahihi, mradi uchague kiungo kinachoanza na `dm-uuid-mpath-`. Hicho hakiwezi kuelekea kwenye njia moja hata ukikilazimisha, kwa sababu hakipo mpaka multipath iwe imeundwa. Seva ikikosa multipath, mount itashindwa waziwazi, na mimi nataka ishindwe waziwazi.

Usichanganyikiwe ukiona kitambulisho cha multipath kinaanza na 36001405 wakati kwenye lsblk kinaanza na 0x6001405. Ile 3 ya mbele si sehemu ya namba ya diski. Inaeleza aina ya kitambulisho, yaani NAA. 6 inayofuata ndiyo mwanzo wa namba yenyewe, tarakimu 32 za heksadesimali. Watu wameshahesabu diski moja mara mbili kwa sababu ya hiyo 3.

Mimi mwenyewe naandika lakabu ndani ya /etc/multipath.conf, na faili hilo nalinakili kwenye kila nodi ya klasta bila kubadilisha herufi:

```
multipaths {
  multipath {
    wwid  360014053c1d2e4f80a94b7cd56e21f03
    alias hifadhidata
  }
}
```

Sasa nodi zote mbili zina /dev/mapper/hifadhidata, na anayeamshwa usiku anajua anagusa nini. Ipe lakabu kwa kazi yake, si kwa mahali ilipo. Nimekutana na diski iitwayo "kabati2_lun7" ambayo ilishahama kabati na kubadilishiwa LUN, na kila mgeni aliyeingia kazini ilibidi aelezwe upya. Wala usiipe lakabu inayoanza na mpath; hayo mwachie multipathd, msije mkagongana.

*Binti yangu, hujambo? Mimi nimezeekea kwenye Yuniksi za kibiashara. Huko diski ilikuwa diski, unaiona moja tu hata iwe na njia nane. Hawa wa Linux kwa nini wanatuachia vumbi la sda na sdb machoni? – Mstaafu*

Shikamoo mzee. Sijambo. Una haki, ila kumbukumbu nayo hupamba. HP-UX haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya 11i v3 iliyotoka 2007 majina yalikuwa kama /dev/dsk/c2t0d1, jina lililobeba njia ndani yake, na diski ya njia nne ilikuwa na majina manne sawasawa na ya huyu kijana mwenye bahati. LVM yao ndiyo iliyojua kuhama kutoka njia hii kwenda ile. 11i v3 ikaleta /dev/disk/disk14, jina lisilotaja njia hata moja, na ikayaacha ya zamani yaendelee kuwepo, huku `ioscan -m dsf` ikikuonyesha lipi ni la nani. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote za aina yake: jina fupi, linalodumu, na hakuna aliyelazimishwa kuandika upya skripti zake usiku mmoja.

AIX nayo ilikuwa na hdisk moja ambayo njia zake ni mali ya kifaa, unazitazama kwa `lspath`. Lakini weka PowerPath, programu ya njia nyingi ya EMC, juu yake, zile hdisk za kila njia zinajitokeza tena, na juu yake hdiskpower. Kwenye Solaris, MPxIO ilizikusanya diski zote chini ya scsi_vhci na kukiingiza kitambulisho kizima ndani ya jina: c0t, halafu tarakimu 32, halafu d0. Halina uwongo hata chembe, lakini mjaribu mtu akusomee kwenye simu. `stmsboot -L` ilikuwepo ili ukumbuke c2t0d1 ya jana imekuwa nani leo.

FreeBSD ilichukua mkondo mwingine kabisa, na huo ndio unaonivutia kuufikiria. `gmultipath label` huandika lebo kwenye sekta ya mwisho ya diski. Baada ya hapo, njia yoyote ambayo GEOM, tabaka la diski la FreeBSD, ikiionja na kuikuta lebo hiyo, inaiunga kwenye /dev/multipath/ na jina ulilolichagua. Yaani utambulisho unatoka kwako mwenye seva, diski haiulizwi. Inafaa sana pale kifaa kinapotoa kitambulisho cha ovyo. Ila sekta ya mwisho ndiyo hiyohiyo ambayo GPT, jedwali la patisheni za diski, huweka nakala ya kichwa chake, kwa hiyo ukiiwekea lebo diski iliyokwisha gawanywa, umevunja kitu. Kuna `gmultipath create` isiyoandika chochote, lakini basi ni juu yako kuirudia kila seva inapoamka.

Sasa Linux. Kuficha njia kunaidai kerneli iwe na hakika kwamba njia mbili ni diski moja, na ikikosea imeunganisha diski mbili za watu wawili. Linux, tangu device mapper ilipoingia na toleo la 2.6 mwaka 2003, imefuata mgawanyo huu: kerneli inapitisha data kwenye njia ilizoambiwa, na uamuzi wa nani ni nani, njia ipi imekufa na ipi imefufuka, uko nje kwa multipathd, mahali ambapo wewe na mimi tunaweza kurekebisha kwa faili la maandishi. Vumbi unalolalamikia ndiyo gharama yake. Mimi nalivumilia, kwa sababu siku njia moja inapougua napenda kuwa na jina la kuiita peke yake.

*Mambo Shangazi! Storeji yetu mpya ni NVMe (itifaki ya diski za flashi), ina vidhibiti viwili, lakini lsblk inanionyesha nvme0n1 moja tu. Ndani ya /sys/block naona nvme0c0n1 na nvme0c1n1, ila kwenye /dev hazipo. Nimevunja nini? – Kijana wa Flashi*

Poa, ingawa kwa umri wangu nilitarajia shikamoo. Hujavunja kitu. Msome Mstaafu hapo juu, kisha jua kwamba kwenye NVMe alichokitaka kimefanyika. Tangu Linux 4.15 ya Januari 2018, draiva ya NVMe inaunganisha njia yenyewe ndani ya kerneli. Kifaa cha kila njia kipo, kina nafasi yake kwenye /sys, lakini kimewekewa alama ya kufichwa kwa hiyo hakipewi nodi kwenye /dev. Huwezi kukimaunti kwa bahati mbaya hata ukitaka.

Jina nvme0c1n1 lisome hivi: subsistemu namba 0, kidhibiti namba 1, nafasi-jina namba 1. Kwenye nvme0n1 kidhibiti kimeondolewa kwa makusudi. Na hapa watu wengi wanateleza: ile 0 ya nvme0n1 ni namba ya subsistemu, haikuahidi kwamba diski iko nyuma ya kidhibiti /dev/nvme0. Kabla hujatuma amri yoyote ya kidhibiti, hasa ya kubadilisha programu ya ndani, andika `nvme list-subsys` uone nani yuko wapi.

Hakuna multipathd wala faili la mipangilio hapo. Storeji inaiambia kerneli njia ipi ni bora kupitia ANA, kama ALUA inavyofanya kwa SCSI, na wewe umeachiwa sera ya ugawaji tu kwenye faili la `iopolicy`, ambalo kwa kawaida ni numa (njia iliyo karibu na prosesa) na unaweza kuliandika round-robin (kwa zamu). Je, nimefurahi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ila usidhani vifaa vimeacha kudanganya. Kerneli ina orodha ya SSD zinazojulikana kutoa vitambulisho visivyoaminika, na kwa hizo hukipuuza kitambulisho kabisa. Kazi ya kutilia shaka ilikuwa kwenye faili lako. Sasa iko kwenye msimbo wa kerneli, na ukitaka kuibadilisha unasubiri toleo jipya.

Halafu nvme0n1 bado ni namba ya foleni. Kwenye fstab tumia kiungo cha by-id kinachoanza na `nvme-eui.` au `nvme-uuid.`, au UUID ya mfumo wa faili, ambayo hapa haina ule mtego niliomweleza Nodi ya Pili kwa kuwa njia zimefichwa.

*Shangazi, mtu wa storeji ameiondoa LUN 4 ya zamani akaweka diski nyingine kwa namba hiyohiyo 4. Seva haijasema kitu, ila ukubwa unaonekana ule wa zamani. Niandike tu? – Mwenye Haraka*

Usiandike hata baiti moja. Seva imesema, hukuisikia. Tafuta kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli: kuna onyo kwamba mgawanyo wa LUN kwenye shabaha hiyo umebadilika, na kwamba tabaka la SCSI la Linux halipangi upya LUN lenyewe. Ukurasa wa 0x83 ulisomwa diski ilipopokelewa mara ya kwanza na ukahifadhiwa. Mpaka uamuru ipekuliwe upya, kerneli inaamini sdf ni yule wa zamani, na multipath iko juu yake ikiamini vivyo hivyo. Ukiandika leo, unaandika ndani ya diski ya mtu mwingine kwa jina la diski iliyokwishaondoka. Multipath ina kipengele cha `recheck_wwid` cha kukagua njia iliyorudi, lakini kwa kawaida kimezimwa.

Kwanza ondoa maunti ya diski hiyo (umount) na LVM uizime. Ikikwama, huenda ni kwa sababu multipath imeagizwa kupanga maombi kwenye foleni hadi njia irudi, na ile iliyokuwa mwisho wa njia haitarudi. Zima foleni kwa `multipathd disablequeueing map` na jina lake, maombi yatashindwa na utaweza kuendelea. Andika pembeni njia zake zote kutoka `multipath -ll`, kisha `multipath -f` kwa jina lake, na `multipath -w` ili kitambulisho cha zamani kitoke kwenye faili la wwids. Baada ya hapo, kwa kila njia uliyoiandika, `echo 1 > /sys/block/sdX/device/delete`. Hatua hizi zote zilipaswa kufanyika kabla mtu wa storeji hajagusa chochote. Mwambie hivyo, kwa upole. Kisha pekua upya na usome /sys/block/sdX/device/wwid kwenye kila njia. Zikitaja namba moja, na namba hiyo ikawa ndiyo aliyonayo mtu wa storeji kwenye skrini yake, ipe lakabu na uendelee.